Jibu: Modemu inashika nje, inakufa chumbani

Yaya, umeuliza kwa nini modemu inashika mtandao vizuri nje kwenye parseli yenu hapo Himbi, Goma, lakini ukiingia nayo chumbani mtandao unapotea. Modemu haina kosa. Mabati ya paa yanarudisha mawimbi ya mtandao, na kuta zetu za mawe ya volkano zinakula yanayobaki.

Tafadhali usikimbilie kifaa cha kukuza mtandao. Kikifungwa vibaya kinavuruga simu za majirani. Jaribu kwanza kila dirisha, hasa linalotazama mnara wa simu, mbali na vyuma. Ikigoma, funga antena ya nje juu ya paa, kebo iwe fupi kwa sababu kila mita inapunguza nguvu, na uchomoe kebo hiyo kwenye modemu kabla radi haijaanza. Kwa ndani, kati ya masafa mawili ya waifai, ya 2.4 GHz inapenya ukuta kuliko ya 5 GHz.

Modemu yako ina tundu la kuchomeka antena ya nje?