Kwa nini chaguo namba moja la drafti ya PBA huishia timu kubwa?

Swali: Nafanya kazi Doha, na kwenye zamu yangu wengi ni Wafilipino. Kikapu cha kwao, ligi ya PBA, ndiyo gumzo la saa ya chakula, kama Simba na Yanga kwetu. Nimeshaizoea ligi yenyewe, ila namna wachezaji wanavyohama bado inanipiga chenga. Sioni ada ya usajili ikitajwa. Mkataba unaisha na mtu haondoki. Timu ya tatu inaingizwa katikati bila sababu ninayoiona. Halafu vijana wanaoongoza drafti, lile zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, wanaishia timu zilezile kubwa. Nikisoma habari ya timu kubadilishana wachezaji, nitajuaje nani kapata na nani kapunjwa?

Jibu: Weka kando kwanza mazoea ya soka. Kwenye soka klabu hulipa fedha ili mchezaji avunje mkataba mmoja na kuingia mwingine. PBA kinachohama ni haki ya kumtumia mchezaji, na haki hiyo hulipwa kwa mchezaji mwingine au kwa nafasi ya kuchagua kwenye drafti ijayo. Kijana akishachaguliwa kwenye drafti, ni timu yenye haki yake tu inayoweza kukaa naye mezani. Mkataba wake wa mwanzo ukiisha, karatasi ndiyo iliyoisha. Haki imebaki palepale, na timu nyingine ikimtaka lazima ipitie kwa mwenye nayo.

Ada huisikii kwa sababu mishahara nayo ina ukomo. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kwa mchezaji mzawa kimekuwa peso 420,000 kwa mwezi, na nyota akishafika hapo hakuna timu inayoweza kumpandia dau hadharani. Minong'ono ya malipo ya pembeni haijawahi kukoma, lakini kwenye karatasi tajiri na maskini wanatoa kiwango kilekile. Kwa hiyo timu tajiri hushindana kwa kile ilichonacho zaidi, yaani wachezaji wa akiba wenye majina na nafasi za drafti.

Mfuate mtu mmoja uone mambo yanavyokwenda. Christian Standhardinger ni Mfilipino mwenye asili ya Ujerumani, mrefu wa futi 6 na inchi 8, fowadi aliyeweza pia kucheza senta. Kwenye drafti ya Oktoba 2017 chaguo la kwanza lilikuwa la Kia, timu iliyokuwa imeburuza mkia. Kia ikalitoa kwa San Miguel Beermen, timu yenye mataji mengi kuliko zote, nayo San Miguel ikamchukua Standhardinger. Kia ilipokea Ronald Tubid, Jay-R Reyes, Rashawn McCarthy na nafasi ya San Miguel ya raundi ya kwanza ya mwaka 2019.

Itazame vizuri hiyo nafasi ya 2019, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Msimu wa kawaida wa PBA una mashindano matatu, wao huyaita konferensi: Philippine Cup la wazawa watupu, kisha Commissioner's Cup na Governors' Cup ambayo kila timu huruhusiwa mchezaji wa kigeni. Foleni ya drafti hupangwa kwa kujumlisha matokeo ya yote matatu. Kanuni iliyotumika misimu mingi ni asilimia 40 kwa Philippine Cup na 30 kwa kila moja ya hayo mengine, na aliyefanya vibaya zaidi ndiye anayetangulia. Timu ni 12. Nafasi ya raundi ya kwanza ya bingwa huangukia ya kumi, ya kumi na moja au ya mwisho. Kia ilitoa kichwa cha foleni ikapewa mkia wa foleni ya miaka miwili mbele, pamoja na wachezaji watatu ambao San Miguel haikuwategemea. Mtu anayesoma kijuujuu ataona wanne kwa mmoja na kudhani Kia imefaidi.

Makubaliano kama hayo hayakamiliki kwa timu mbili kupeana mikono. Hupelekwa ofisi ya kamishna wa ligi, ambayo hupima kama kuna usawa na inaweza kuyarudisha ili upande mmoja uongeze kitu. Mwaka 2017 kamishna Chito Narvasa aliyapitisha, na moto ukawaka. Bodi ya magavana, ambamo kila timu ina mwakilishi, iligawanyika 7 kwa 5: saba walisema hawana imani naye tena. Kabla ya mwaka kuisha akaachia ngazi, na Willie Marcial akashika kiti. Tangu hapo, ukisikia mpango umerudishwa ukarekebishwe, ujue kamishna anakumbuka yaliyompata mwenzake.

Turudi kwa Standhardinger. San Miguel ilikuwa tayari na June Mar Fajardo, senta ambaye hakuna kocha Ufilipino atakayemweka benchi kwa hiari. Oktoba 2019 ikampeleka Standhardinger NorthPort na kumchukua Moala Tautuaa, mmoja kwa mmoja. Tautuaa naye alikuwa chaguo la kwanza la drafti ya 2015. Huu ndio ubadilishanaji rahisi kuupima: umbo linalofanana, mikataba hai pande zote, hakuna nafasi ya drafti. Unauliza tu nani anapata dakika zaidi kwenye timu mpya.

Machi 2021 NorthPort ikampeleka Standhardinger Barangay Ginebra na kumpokea Greg Slaughter wa futi 7. Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la mkataba. Mkataba wa Slaughter na Ginebra ulikuwa umeisha mapema 2020, na yeye mwenyewe akatangaza kupumzika. Akakaa nje takriban mwaka mzima bila timu. Aliporudi hakuwa huru hata kidogo: haki yake ilikuwa bado Ginebra, na Ginebra ikaitumia kama sarafu kumpata Standhardinger. Na aliyepunjwa? Ginebra ilitwaa mataji mawili ikiwa na Standhardinger. Slaughter alifika NorthPort, na mwaka 2022 akaenda zake Japani.

Hilo la Slaughter ndilo kosa la kiufundi linalojirudia kuliko yote. Timu inatoa mchezaji mwenye miaka imebaki kwenye mkataba, inapokea mwenye jina kubwa ambaye bado wanapaswa kuelewana naye upya, au ambaye mkataba wake unakaribia kwisha. Haki inaipata, mtu hana lazima ya kubaki. Habari ikiandika kwamba timu fulani imepata "haki za" mchezaji badala ya kusema imempata mchezaji, simama hapo kwanza. Maana yake hajasaini, na anaweza asisaini kabisa.

Anaweza kwenda wapi? Zamani kulikuwa hakuna pa kwenda. Kuanzia 2020 ligi ya Japani, B.League, iliweka nafasi maalumu ya mchezaji wa Asia, na Thirdy Ravena akawa Mfilipino wa kwanza kuingia kwa mlango huo. Kaka yake, Kiefer, alipotaka kumfuata mwaka 2021 alikuwa na mkataba hai na timu ya NLEX, na PBA ilimkatalia kabla ya kulegeza na kumruhusu msimu mmoja. Mlango wa Japani umebadili bei ya haki. Mwenye haki hana tena mtego usio na tundu, kwa hiyo baadhi ya timu huamua kuuza mapema.

Julai 2024 Standhardinger akahama kwa mara ya mwisho ninayotaka uione. Ginebra ilimtoa yeye na Stanley Pringle kwenda Terrafirma. Terrafirma ikatoa Isaac Go, Stephen Holt na nafasi ya tatu ya drafti ya mwaka huo, ikapewa ya kumi ya Ginebra. Holt alikuwa chaguo la kwanza la drafti ya 2023, akiwa na msimu mmoja tu kwenye ligi. Standhardinger alikuwa ametimiza miaka 35, na Pringle ni mkubwa kuliko yeye. Kwa nafasi ile ya tatu Ginebra ikamchukua RJ Abarrientos, gadi ambaye kila timu ilikuwa inammezea mate.

Sasa jambo ambalo wenzako huenda hawakukutajia: Terrafirma ndiyo Kia ya mwaka 2017. Timu ni ileile, jina ndilo linalobadilika kufuata bidhaa anayotaka kutangaza mwenye nayo. Katikati iliitwa Columbian. Yaani iliuza haki ya kumchagua Standhardinger akiwa mgeni kwenye ligi, ikaja kumpata miaka saba baadaye akiwa mkongwe, na kwa bei ya chaguo jingine namba moja. Katikati ya hayo mawili ilimchagua C.J. Perez namba moja mwishoni mwa 2018, na Februari 2021 akaenda San Miguel kwa wachezaji watatu na nafasi za drafti. Kwa hiyo unapoona vijana wa juu wanaishia timu kubwa, sehemu kubwa ya unachokiona ni timu moja inayolima na wengine kuvuna. Ligi nzima haifanani na hiyo. Converge, iliyoinunua timu ya Alaska mwaka 2022, ilimchukua Justine Baltazar namba moja 2024 ili imjenge.

Kuhusu timu ya tatu, jibu liko kwenye umiliki. Timu za PBA hazina mji, zina kampuni. Shirika la San Miguel lina tatu: San Miguel Beermen, Barangay Ginebra na Magnolia. Kundi la Manuel V. Pangilinan nalo lina tatu: TNT, Meralco na NLEX. Timu za tumbo moja haziruhusiwi kubadilishana wachezaji moja kwa moja, maana ingekuwa mtu kuhamisha hela kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Dawa yao ni kumwita jirani. Septemba 2022 Calvin Oftana alitoka NLEX kwenda TNT, na Blackwater ndiyo iliyokuwa daraja: ikamtoa Brandon Ganuelas-Rosser kwenda NLEX na kumpokea Troy Rosario kutoka TNT. Kulikuwa na wengine na nafasi za drafti pembeni, lakini uti wa mgongo ndio huo.

Mpango wa timu tatu usiusome kama orodha ya majina. Chukua karatasi, chora mishale. Ukiona timu mbili za mwenye mali mmoja kwenye pembetatu, mshale unaowaunganisha ndio lengo, na mingine ni malipo ya daraja. Kisha uulize kama daraja limelipwa vya kutosha. Blackwater ilitoa chaguo namba moja la drafti ya Mei mwaka uleule, miezi minne tu baada ya kumpata. Rosario ni mchezaji wa kweli, sibishi, ila alikuwa mkongwe, na mkongwe aliyeitumikia ligi miaka ya kutosha ndiye pekee ambaye mkataba wake ukiisha anakuwa huru kabisa. Mwaka 2024 Rosario alitumia uhuru huo, akasaini Ginebra. Blackwater haikupata hata nafasi ya raundi ya pili.

Kwa hiyo umri una hesabu mbili. Kijana ana miaka mingi ya kucheza, na haki yake inadumu hata mkataba ukifa. Mkongwe ana miaka michache, na haki yake hufa pamoja na mkataba. Timu ndogo ikitoa wa kwanza ikapokea wa pili, imetoa shamba ikapewa gunia la mahindi. Gunia linaweza kushibisha msimu mmoja, na wakati mwingine msimu mmoja ndio kocha anaotafuta ili asifukuzwe.

Wachezaji wa kigeni usiwachanganye humu. Hawapiti drafti, na timu huwaleta kwa konferensi moja moja na kuwabadili wakiumia au wakichemka. Justin Brownlee aliingia Ginebra hivyo mwaka 2016, kuziba pengo la Paul Harris aliyeumia kidole gumba, akafunga mtupo wa ubingwa dhidi ya Meralco na hajatoka mpaka amepewa uraia.

Limebaki la raundi ya pili, ambalo hutupiwa mwishoni mwa kila habari na kuonekana kama zawadi. Drafti ya PBA huendelea raundi baada ya raundi, na timu isiyotaka mtu husema imepita. Kuchaguliwa hakumpi mtu mkataba. Wengi wa raundi za chini huitwa mazoezini tu wajaribiwe. Nafasi ya raundi ya pili ya timu dhaifu inaweza kuzaa mchezaji wa akiba mwenye manufaa. Ya timu bingwa, miaka mitatu mbele, mara nyingi huwekwa ili ofisi ya kamishna ione kuna kitu upande wa pili wa mizani.