Kabla hujamnunulia binti mwanasesere

Kina mama wenzangu hapa Mombasa huniuliza wamnunulie binti mwanasesere gani, kwa vile wananiona nashona wangu kwa vipande vya leso. Nawajibu: wa kwanza kumshika afanane naye. Wengine watafuata.

Nina sababu. Miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, waliwawekea watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliotofautiana rangi tu. Yupi mzuri? Yupi mbaya? Wengi walisema mzuri ni mweupe. Kisha wakaulizwa yupi anafanana nao, na wapo walioangua kilio. Hapo huwa naumia, maana mtoto wa umri huo hakukalishwa akafundishwa kujichukia. Ameyaona tu yanayomzunguka. Utafiti huo ulitajwa katika hukumu ya mwaka 1954 iliyoharamisha kutenganisha wanafunzi kwa rangi katika shule za umma. Barbie, mwanasesere maarufu wa Kimarekani, alitoka 1959, lakini mweusi wa kuitwa Barbie akangojewa hadi 1980!

Wazaramo wa pwani ya Tanzania walikuwa na mwana hiti, kinyago cha mti kisicho mikono wala miguu. Mwali alipowekwa ndani alipewa akilee: akioshe, akipake mafuta, akitunze kama mwanawe. Hapo alikuwa akiandaliwa uzazi.

Basi waendee mafundi cherehani, waombe vipande vinavyobaki. Mwili ushone kwa kitambaa cha rangi ya mtoto. Kiweke kwenye mkono wake upime. Jaza sufi, na shingoni uishindilie hasa, kichwa kisije kikalala. Nywele ziwe nyuzi nyeusi za sufu, ndefu za kusukika. Hizo usizifanyie ubahili. Mpwa wangu hukaa barazani na kitana, akamgawa mwanasesere wake njia za kichwa, akamsuka kama anavyosukwa yeye, huku akimwambia "tulia, namaliza" kwa sauti ile ile ya mamake. Leso humfunga mwenyewe.

Macho yatie kwa uzi. Vifungo ni hatari kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Kama kwenu hampendi sanamu yenye sura, uacheni uso mtupu, watoto hawajali. Na kaka yake akitaka kumbeba, mwacheni ambebe.