Chuo kimekukuza au kimekupitisha tu?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Uliniuliza hivi: "Mama, nimebakiza mwaka mmoja nimalize uhandisi. Mitihani nimefaulu, lakini mtu akiniuliza najua kufanya nini, nakosa la kusema. Hivi chuo kimenikuza au kimenipitisha tu?" Sikutaka kukujibu kwa simu. Kwenye simu ningekuambia usiwe na wasiwasi, tukahamia mambo mengine, na swali lako lingebaki palepale.

Nianze na ripoti yako ya maabara, ile ya kuvuta kipande cha chuma mpaka kikatike. Mwaka wa kwanza ulinionyesha ripoti ambayo kila namba ilikaa karibu na ya kitabuni, na mwishoni uliandika kwamba matokeo yanakubaliana na nadharia. Ilipata alama nzuri. Ya muhula huu ni nyingine kabisa. Moduli ya Young ya chuma, yaani kipimo cha jinsi kinavyokataa kuvutika, ni kama gigapaskali 200, kila mwanafunzi wa uhandisi anaijua. Wewe ulipata chini ya theluthi yake. Ungeweza kunakili namba za kundi jingine. Hukufanya hivyo. Uliziacha nukta zako zilivyo, ukarudi kwenye mashine, ukagundua kwamba urefu ulioongezeka haukuwa wa kipande peke yake: ulikuwa umesoma mwendo wa kichwa cha mashine, na ndani ya mwendo huo mmejificha kuvutika kwa mashine yenyewe na kuteleza kwa kipande kwenye meno yanayokibana. Ukaomba kifaa kinachofungwa kwenye kipande chenyewe, ukapima upya. Zile kurasa mbili ulizoeleza tofauti ilitoka wapi nilizisoma kwa furaha ambayo sikuweza kuificha. Mtu wa mwaka wa kwanza asingeziandika.

Sasa nikuambie kwa nini nimezishikilia hizo kurasa mbili. Kazi hii, ukiondoa majina makubwa na vyeti, ni kwamba watu wasiokujua watakanyaga juu ya neno lako. Umesema boriti inatosha, wao wanapita. Kwa hiyo chuo kimekukuza kwa kiasi ambacho neno lako limeanza kuaminika, na hapo ndipo ningetaka ujipime, kabla ya kuhesabu programu unazozijua na masomo uliyoyafaulu.

Chukua mfano ambao kila mhandisi wa majengo anatakiwa aujue kwa undani. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, vijia viwili vya kupita watu, vilivyoning'inia juu ya ukumbi, viliwaangukia watu. Walikufa 114, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kijia cha ghorofa ya nne kilikuwa juu kabisa ya kile cha ghorofa ya pili. Katika mchoro wa mwanzo, nondo ndefu zilishuka kutoka paani, zikapita kwenye boriti za kijia cha juu, zikaendelea mpaka cha chini; kila kijia kilikaa juu ya nati zake chenyewe. Ugumu ulikuwa wa karakana: ili nati ifike katikati ya nondo, ingebidi hesi, ile mizunguko ambayo nati hukazwa juu yake, zikatwe kwenye sehemu kubwa ya urefu wake. Ikapendekezwa nondo igawanywe iwe mbili, moja itoke paani iishie kijia cha juu, nyingine ianzie kwenye boriti za kijia hicho ishuke mpaka cha chini.

Kwenye karatasi ni badiliko dogo sana. Chukua penseli uchore nguvu zinazofika kwenye nati ya juu. Mwanzoni ilibeba kijia kimoja. Baada ya badiliko inabeba viwili, kwa kuwa cha chini sasa kimening'inizwa kwenye boriti za cha juu. Mzigo wa kiungio umekuwa mara mbili. Na wachunguzi walikuta kwamba hata mpango wa mwanzo ulikuwa na asilimia 60 tu ya uwezo uliotakiwa na kanuni za ujenzi za mji ule.

Hesabu hiyo, mwanangu, wewe uliifanya muhula wa kwanza. Haikuhitaji kompyuta wala shahada ya pili. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na kuifanya kabla mchoro haujapitishwa. Michoro ya karakana ilipitishwa na ofisi ya wahandisi, na wahandisi wawili waliowajibika walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri. Nikiwa na vijana wapya ofisini huwapa kesi hii mapema, na sitaki waikariri tarehe. Nataka waichore nati.

Najua utasema wewe bado mwanafunzi, nani atakusikiliza. Mwaka 1978 Diane Hartley alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, anaandika tasnifu kuhusu jengo la Citicorp la New York, ghorofa 59 zilizosimama juu ya nguzo zilizowekwa katikati ya pande badala ya kwenye pembe. Alipokokotoa upepo unaopiga pembe za jengo, akaona nguvu zinazidi zile za upepo unaopiga uso wake. Akauliza ofisi iliyobuni, akahakikishiwa kwamba jengo liko salama. Mwaka huohuo mhandisi mkuu wa jengo hilo, William LeMessurier, alizirudia hesabu, akaingiwa na hofu juu ya viungio vilivyofungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa, na mafundi wakawa wanachomelea mabamba ya chuma usiku. Umma haukuelezwa mpaka 1995, jambo ambalo mimi naliona ni kosa. Hatari ilikuwa kubwa kiasi gani, wataalamu wanabishana hadi leo. Kinachonigusa ni kwamba mwanafunzi alipata namba isiyokubaliana na walichosema wakubwa, hakuifuta, akapiga hodi na kuuliza.

Ujasiri wa namna hiyo unahitaji mwenzake, nao ni kusikiliza. Hapa bado una safari, na nakuambia kwa upendo. Uliporudi kutoka mafunzo kwa vitendo ulilalamika kwamba mafundi hawakukuheshimu kwa sababu hawajui hesabu. Nikusimulie. Kijana mmoja ofisini kwetu alichora kiungio kizuri, bolti zimepangwa vizuri, nguvu zote zimekokotolewa sawasawa. Fundi akauangalia mchoro, akachukua spana yake, akaiweka juu ya karatasi palipokuwa na bolti ya pili. Spana ilikuwa haina pa kuzungukia. Ubavu wa boriti ulikuwa karibu mno. Hakusema neno. Yule kijana aliona, akamwomba amweleze anavyofunga bolti tangu ya kwanza hadi ya mwisho, akasimama naye asubuhi nzima, akarudi kuchora upya akiwa ameacha nafasi ya mkono. Leo mafundi wakiwa na swali humtafuta yeye. Heshima uliyoitafuta inapatikana kwa njia hiyo, na haina njia ya mkato.

Kuhusu alama zako za hisabati, fanya bidii ziwe nzuri, sina mengi ya kuongeza. Kuhusu programu za kukokotoa majengo nina neno zaidi. Zijifunze vizuri, zinaokoa muda mwingi. Ila programu itakupa picha yenye rangi za kupendeza hata kama umeilisha uongo: umesahau kushikiza nguzo moja, au umechanganya milimita na mita. Kabla hujabonyeza kitufe, andika kwa mkono jibu unalolitegemea, hata kwa kukadiria. Likitofautiana sana na la kompyuta, usiamini lolote kati ya hayo mawili mpaka ujue sababu.

Halafu jifunze kuandika na kusema. Nimewaona wahandisi hodari ambao onyo lao halikumfikia yeyote kwa sababu lilizikwa ukurasa wa kumi na saba wa ripoti, katikati ya majedwali. Jambo la hatari liandikwe mwanzo, kwa sentensi fupi, na liseme nani afanye nini. Ukizoea hivyo kwenye ripoti za darasani, hutahangaika ukifika kazini.

Mtu akikuuliza unajua kufanya nini, usimtajie orodha ya masomo. Mweleze ile moduli iliyokataa kufika 200, ulivyoifuatilia mpaka ukaipata sababu. Mweleze pia jambo ambalo bado hulijui na unavyolisoma sasa. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo, na mtu anayejua mipaka ya anachokijua ndiye ninayemtafuta. Anayejua kila kitu hunitia hofu.

Umenigusia pia mwenzako wa mradi wa mwaka wa mwisho ambaye haleti kazi. Kabla hujaenda kwa mwalimu, kaa naye wawili peke yenu na mchoro mbele yenu, umuulize amekwama wapi. Mara nyingi anayekaa kimya hajaelewa na anaona aibu. Mpe sehemu yake, wewe chukua yako, kisha mbadilishane: kila mmoja akague hesabu za mwenzake na atie sahihi pembeni. Akiendelea kukwepa baada ya hapo, mwambie usoni kwamba utalifikisha kwa msimamizi, kisha ulifikishe kweli. Usimfanyie kazi yake kimyakimya. Ukimfanyia, siku moja atapitisha mchoro akiwa hajui alichokipitisha.

Sura ya mahesabu nitumie kabla hujaipeleka kwa msimamizi wako. Weka vizio kwenye kila mstari, orodhesha mwanzoni kila ulichokichukulia kuwa kweli bila kukipima, na usiniondolee kurasa ambazo namba zake zilikataa. Nitazipitia zote, na nikiona nati ambayo hujaichorea nguvu nitairudisha.

Mama yako