Kaimu asiyeisha kukaimu, na maswali mengine ya kazini

Maswali ya safari hii kuhusu wanawake na kazi yametoka Mbeya mjini, Mufindi, Iringa na Mbozi. Mawili ni ya wanaume. Nimeyafupisha, na chochote cha kumtambulisha mwulizaji nimekitoa.

Shikamoo dada. Niko kampuni ya usambazaji hapa Mbeya. Mkuu wa kitengo alipoondoka niliambiwa nikaimu. Huu mwaka wa pili. Bajeti naandaa mimi, mzigo ukikwama Tunduma usiku napigiwa mimi. Sasa nasikia wanatafuta mtu "mwenye uzoefu" wa kushika nafasi. Nifanyeje?

Marahaba. Ukitaka kujua wanawake wanaongoza kiasi gani katika ofisi zetu, usihesabu wakuu wa idara, hesabu makaimu. Mwanamke kazi anapewa, kiti hapewi. Naye anaogopa kuuliza asije akaambiwa ana uchu wa madaraka, wakati mwenzake wa kiume angeshauliza wiki ya tatu.

Ungekuwa mtumishi wa umma ningekukumbusha kwamba kukaimu hakutakiwi kuzidi miezi 6. Kwa kuwa uko sekta binafsi, shika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, ikiwemo kazi unayofanya na malipo yake. Yakibadilika, ashauriane nawe, ayarekebishe na akujulishe kwa maandishi. Je, barua ya kukaimu unayo? Kama uliambiwa kwa mdomo koridoni, anzia hapo. Mwandikie meneja, nakala kwa rasilimali watu: tangu tarehe fulani natekeleza majukumu haya na haya; naomba barua, naomba posho ya kukaimu, na ninaomba nafasi hiyo rasmi. Lawama usiweke, na "samahani kwa usumbufu" usiandike kabisa. Hujamsumbua mtu.

Kisha omba hiyo kazi kana kwamba hawakujui. Taja bajeti uliyoisimamia ni ya kiasi gani, magari mangapi yako chini yako, ucheleweshaji umepungua vipi. Na huo "uzoefu" waulize ni upi, wauandike. Vigezo vikishaandikwa, kuvipinda mwishoni ili vimtoshe mtu fulani si rahisi.

Wakimleta mwanaume mwenye sifa pungufu kuliko zako, kifungu cha 7 kinakataza kubagua kwa sababu ya jinsi, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na kupandisha cheo kumo. Ukionyesha dalili za kutosha, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Mgogoro wa namna hiyo unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi zinakuwa 30 tu, na wengi huzimaliza wakisubiri bosi atulize hasira. Sikusukumi huko leo. Barua yenye tarehe inaweza kukufikisha mbali kabla hujaijua hata ofisi ya CMA iko mtaa gani.

Mimi ni mchumaji wa chai Mufindi, kibarua wa msimu. Nina mimba ya miezi mitano. Nyapara anasema vibarua hatuna likizo ya uzazi, nikichoka nibaki nyumbani.

Nyapara ajue mizani na magunia, sheria awaachie wengine. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo, hilo ni kweli. Lakini sheria imewatazama watu wa msimu: nao wana haki ya likizo yenye malipo. Hata asiye wa msimu, akimfanyia kazi mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ikazidi miezi 6, anastahili. Kwa hiyo tafuta daftari, kadi au stakabadhi zako za malipo ujumlishe miezi yako ya mwaka huu.

Likizo yenyewe ni siku 84 kwa malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Taarifa inatakiwa kumfikia mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha kitabibu. Una mwezi mmoja hivi, mama. Nenda zahanati wiki hii. Ukirudi kazini una haki ya kutoka kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Na kama unachuma karibu na wanaponyunyiza dawa, omba kazi nyingine isiyo na madhara kwako na kwa mtoto. Mwajiri anatakiwa kukupa inapowezekana, kwa masharti yasiyopungua ya sasa. Kama shambani kwenu kuna tawi la chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, nenda na mwakilishi wake. Nyapara akiwaona wawili sauti hushuka.

Niko peke yangu mwanamke kwenye menejimenti. Kila kikao: "Dada, tuandikie muhtasari." "Dada, chai vipi?"

Mwenyekiti akifungua kikao kijacho, pendekeza muhtasari uandikwe kwa zamu, na utaje mwenzako wa kuanza naye siku hiyohiyo. Anayeandika haongei, ndiyo maana kazi hiyo inakuganda. Kuhusu chai, sema hujui, uendelee na ajenda.

Niko kipindi cha majaribio, Iringa. Msimamizi anasema barua ya kuthibitishwa itategemea "ukarimu" wangu.

Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe hata mmoja. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini. Piga TAKUKURU, 113, bila malipo, au nenda ofisini kwao. Usijaribu kumtega mwenyewe chumbani na simu mfukoni. Mtego waachie wao.

Mbona hamsemi kwamba mabosi wanawake ni wakali kuliko wanaume?

Wakali kwa lipi, kaka? Wanaokuja kwangu na hoja hii hunitajia bosi mmoja. Bunge letu limekuwa na maspika wanawake wawili, wote wa nyanda hizi za juu kusini: Anne Makinda wa Njombe, 2010 hadi 2015, na Tulia Ackson, aliyechaguliwa Februari 2022 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini. Walilalamikiwa, kama walivyolalamikiwa maspika wanaume. Tofauti ni kwamba Spika mwanaume akikosea hakuna anayesema "wanaume bwana".

Kahawa napalilia na kuchuma mimi, lakini mwanachama wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, ni mume wangu. Wanawake tunataka mmoja wetu aingie bodi. Tuanzie wapi? (Mbozi)

Mmeanza na bodi, rudini kwenye rejista. Asiye mwanachama hapigi kura wala hachaguliwi, na malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, yanakwenda kwa mwenye jina. Ombeni masharti ya chama myasome yanasemaje kuhusu uanachama. Vyama vingi humtaka mwanachama awe na shamba la zao husika, alipe kiingilio na anunue hisa. Hapo kwenye shamba ndipo wanawake wengi hukwama.

Zungumza na mumeo kuhusu hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba. Inaweza kuandikwa majina ya wote wawili. Au akukatie mashina uyahudumie na kuyauza kwa jina lako. Usianze na haki, anza na hesabu: kaya yenye wanachama wawili ina kura mbili mkutanoni. Mwanaume wa Mbozi mwenye kahawa hiyo anaielewa haraka. Mkishakuwa wanawake kumi rejistani, ndipo mseme ni nani anagombea, na msigombee wawili nafasi moja.

Mke wangu anakaribia kujifungua. Bosi ananicheka nikitaja likizo.

Ni siku zisizopungua 3, kwa malipo, na uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Andika barua sasa, tarehe utaijaza ikifika. Nyumbani usikae sebuleni kupokea pongezi, nepi zinakusubiri.