Kamati za Bunge: zikishaita na kuhoji, kisha nini?

Bwana mwandishi, mimi ni mkandarasi tu, si mtumishi wa serikali. Kamati ya Bunge inaweza kuniita? (Msomaji, Umoja)

Inaweza. Kifungu cha 125 cha Katiba ya Kenya kinazipa kamati za Bunge la Taifa na Seneti uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote, kumhoji kwa kiapo na kumtaka alete stakabadhi. Ukipuuza samansi bila sababu ya maana, sheria ya mwaka 2017 inaruhusu utozwe faini isiyozidi Sh500,000, na amri ya kukukamata inaweza kutolewa. Nenda, na uende na wakili.

Wakuu wa mashirika hufokewa kwenye televisheni kutwa nzima. Mbona hawafungwi? (Msomaji, Kayole)

Kwa sababu uwezo huo wa Mahakama Kuu unaishia kwenye ushahidi. Kamati haimhukumu mtu kwa wizi, wala haimfuti kazi. Huandika ripoti yenye mapendekezo, nayo hupelekwa mbele ya Bunge lote. Huko huweza kufa. Agosti 2018, ripoti kuhusu sukari ya magendo, iliyokuwa imewagusa mawaziri, iliangushwa na wabunge wenyewe ukumbini. Na hata ikipita, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma haamrishwi na mtu. Kifungu cha 157 kinamlinda. Mimi naona ni heri. Mwanasiasa anayesaka kura si wa kukabidhiwa funguo za jela. Ningekuwa wewe, ningeachana na klipu za kufokeana, niulize ripoti iliwasilishwa lini na ilipitishwa au la.

Hakuna mahali kamati ina kauli ya mwisho? (Msomaji, South B)

Papo, na wengi hawapajui. Wabunge wakiunga mkono hoja ya kumbandua waziri, kamati teule ya watu 11 hupewa siku 10 kuchunguza. Ikisema tuhuma hazina msingi, hoja imekufa. Hairudi kupigiwa kura. Mei 2024, katika sakata ya mbolea ghushi, Bunge liliunga mkono hoja dhidi ya Waziri wa Kilimo Mithika Linturi kwa kura 149 kwa 36. Kamati ikagawanyika saba kwa wanne, waziri akabaki ofisini. Watu saba!

Raia anaweza kuingia kusikiliza? (Msomaji, Kawangware)

Ndiyo, Kifungu cha 118. Hufukuzwi ila Spika aamue kuna sababu ya kipekee. Beba kitambulisho.