Wababa mnaofanyia kazi nyumbani, leo ni zamu yenu

Maswali ya wiki hii karibu yote yametoka kwa wababa wenye kazi zao wenyewe wanazofanyia kwa nyumba, Nakuru, Kisumu, Kakamega huko, na moja limetoka kwa bibi ya mmoja wao, hilo msiliruke. Nimeyafupisha kiasi. Mimi mwenyewe huandikia watu wa biashara ndogo hesabu zao nikiwa kwangu Kiamunyi, hapa Nakuru, na watoto wawili ndani, kwa hivyo haya mambo nayajua mpaka jikoni.

"Mamangu amekuja kutoka Bungoma kukaa na sisi mwezi mmoja. Mimi hufanya transkripsheni, yaani kuchapa maneno ya watu kutoka kwa rekodi, niko Free Area. Kila saa ni 'baba, hebu enda uangalie huyo wa maziwa', 'baba, nipeleke posho mill'. Juzi nimemsikia akimuuliza bibi yangu kama nilifutwa kazi. Nimwambie aje bila kumkosea?" Baba wa wawili, Free Area

Usimwambie "niko bize mama", hiyo haimwambii kitu, kwa macho yake mtu bize ameinama shambani ama ametoka asubuhi na viatu. Mweleze vile unalipwa. Transkripsheni inalipwa kwa dakika za odio, na saa moja ya odio mtu mzoefu anaichapa kama masaa manne, zaidi kama wanaoongea wanakatizana ama kuna upepo kwa maiki. Sasa mwambie ni kama kuchuma majani chai kule Nandi, unalipwa kilo zako, ukitoka kwa mistari uende kupiga stori kilo zinapungua na hakuna wa kukurudishia. Ataelewa hapo hapo, pengine kuliko hata bibi yako.

Halafu mpe masaa kwa mdomo, "mama, kuanzia saa tatu mpaka saa saba nihesabu kama nimeenda tauni, saa saba tunakula pamoja, baada ya hapo nitume popote." Na hiyo saa saba utoke kweli, kwa sababu ukimkosea mara mbili masaa yako hayatakuwa na maana tena kwake, na ako na haki.

Pia vaa suruali bwana. Najua klaienti hakuoni, lakini mzazi akikupata saa nne asubuhi na kaptula ya kulala na hedifoni masikioni unataka afikirie nini. Na kabla mwezi uishe funga laptopu siku moja mzima umpeleke Menengai aone hilo shimo, sidhani alipanda matatu kutoka Bungoma aje kutazama mlango wa bedruum yako umefungwa.

"Niko Lanet, nafanya kastama keya kwa kampuni ya New York kama mtu wa kandarasi. Naanza saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku. Watoto wako Gredi ya 2 na ya 5, wanafika saa kumi na nusu, nikianza kazi wako sebuleni na nikimaliza wamelala. Niko nyumbani siku nzima na siwaoni." Baba wa Lanet

Hili ndilo gumu kuliko yote ya leo kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza jua saa zenyewe, kwa sababu zitakuhama. Sisi Kenya hatugusi saa mwaka mzima lakini Marekani wanasogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na wanarudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni yetu wakati wao wako kwa baridi, lakini kuanzia Machi inakuwa saa kumi jioni, yaani unaketi kwa kiti kabla watoto hawajafika kwa geti. Wababa wengi hushtukia hapo, anaona tu ghafla ile nusu saa ya kusalimiana imepotea na hajui ilienda wapi. Waambie watoto mapema, "kuanzia wiki ijayo mtanipata nimeshaanza kazi, mkifika ingieni polepole mnipungie mkono." Mtoto akijua hana shida, mtoto wa Gredi ya 2 akishangazwa ndio analia mlangoni ukiwa na kastama kwa simu.

Pili, wewe jioni huna, ikubali, jioni yako ni asubuhi. Umemaliza saa tano, lala saa sita, amka nao saa kumi na mbili. Uji uupike wewe, nywele, soksi moja imepotea, yote iwe yako, mama yao apumue. Daftari za homuwaki zikaguliwe asubuhi hiyo mezani badala ya usiku, na kama shule si mbali muende nao kwa miguu. Mtoto anakwambia mambo mengi sana njiani akiwa hakuangalii usoni, sijui ni kwa nini. Usingizi uliobaki utaumalizia saa tatu nyumba ikiwa kimya. Na April na Agosti shule zikifungwa asubuhi yote ni yenu, baba wa ofisini hana hiyo.

Tatu, omba nusu saa ya mapumziko saa moja na nusu usiku. Kwao wakati huo ni mchana kuelekea lanchi kwa hivyo si ombi la ajabu, na wewe ni mtu wa kandarasi, masaa ni kitu mnaelewana si kitu unapangiwa tu. Hiyo nusu saa mle ugali pamoja, simu ibaki kule kwa laptopu.

Na Jumamosi usiiuze. Klaienti wa pili atakuja, wanakujanga tu, na pesa yake itakuwa nzuri.

Kama baada ya hayo yote bado hamuonani, anza kutafuta klaienti wa Uingereza polepole. London (ile ya kule ng'ambo, si huu mtaa wetu wa Nakuru wa kuelekea Menengai) iko nyuma yetu masaa matatu wakati wa baridi na mawili wakati wa joto, kwa hivyo siku yao ya kazi ya saa tatu mpaka saa kumi na moja inakuishia saa mbili usiku, ama saa moja. Hata malipo yakiwa chini kidogo mimi ningechukua. Wengine mtaniambia watoto hawali kuonana. Sawa, lakini pia hakuna mtoto wa Gredi ya 2 anaelewa "nafanya hii yote kwa sababu yenu", hiyo sentensi tunajiambianga sisi wenyewe.

"Mtoto wangu wa miaka mitatu aliingia kwa mitingi ya video akiwa bila nguo. Nifunge mlango na kufuli?" Kisumu, Migosi

Kufuli hapana, siku moja kutakuwa na moto ama ameanguka. Mwaka 2017 profesa Robert Kelly alikuwa anahojiwa laivu na BBC akiwa nyumbani kwake Korea Kusini, watoto wawili wakaingia nyuma yake, mmoja akicheza dansi na mwingine kwa woka, mama yao akaja mbio kuwavuta, na dunia nzima ikampenda. Geuza meza uangalie mlango ndio umuone kabla kamera haijamuona, zima video, mwambie klaienti "dakika moja, ni mtoto", endelea. Na nguo mvalishe tu asubuhi.

"Mimi ni mwalimu, tuko nje kidogo ya Kakamega. Mume wangu anatotolesha vifaranga na mashine hapa nyumbani. Anashinda nyumbani lakini nikitoka shule saa kumi na moja napata vyombo vya asubuhi, mtoto wa nasari hajaogeshwa, na mimi ndio napika. Nikiuliza anasema 'mimi pia niko kazini.' Ni mimi nina shida?" Mwalimu

Hapana mwalimu, huna shida.

Mayai ya kuku yanakaa kwa mashine siku 21. Kama mashine inageuza yenyewe, mpaka siku ya 18 kazi yake ni kuangalia joto na maji, kupima mayai na tochi usiku mmoja ama mbili, na kukaa macho stima ikipotea, na huko kwenu na hizo mvua za radi za jioni inapotea kweli, hapo simlaumu. Siku tatu za mwisho kugeuza kunaachwa, vifaranga wanaanza kutoboa, wanakauka, wateja wanapiga simu, hapo mzee yuko kazini kabisa na usimwitishe hata chai. Lakini zile siku zingine? Kuna masaa mengi hapo ya kuosha vikombe.

Nikuambie ningefanya nini. Ile kalenda yake ya mayai, na lazima ako nayo, itundikeni ukutani jikoni. Siku za kutotoa ziandikwe na rangi yake, siku hizo nyumba ni yako na msaada wa nje kama upo. Siku zilizobaki kuogesha mtoto na chakula cha jioni ni yake, iandikwe hapo hapo. Si "kukusaidia", maana ukisema anakusaidia inamaanisha kazi ni yako na yeye ni mgeni mwema. Na mwambie asubuhi kabla hujatoka, si jioni ukiwa umechoka na yeye ashajitetea kichwani tangu saa nane.

Wababa wenzangu mtakasirika, najua. Mwanaume akiwa kazini bibi yake anaweza kuambiwa ni kazi gani hiyo na inaisha saa ngapi, na kama hawezi kuambiwa basi tuanzie hapo.

"Mimi ni fundi wa nguo, cherehani iko kwa varanda hapa Nyalenda. Bibi anatarajia mtoto mwezi ujao. Kaka yangu ameajiriwa alipewa likizo wiki mbili. Mimi nikizima mashine wateja wanahama, nifanye nini?" Fundi

Kaka yako alipewa kwa sababu ya Sheria ya Ajira ya 2007, inasema mwanaume aliyeajiriwa apate wiki mbili na mshahara kamili bibi akijifungua. Wewe bosi wako ni wewe, kwa hivyo hiyo likizo lazima uishone mapema. Kuanzia leo usichukue depoziti ya nguo ya kuisha mwezi ujao. Wateja wako wa kawaida waambie tarehe wazi, mtu anayehama kwa sababu fundi amepata mtoto angehama hata kwa sababu ya vifungo. Weka kando pesa ya chakula ya wiki mbili, na kama huwezi mbili, wiki moja kamili na ya pili ripea tu, kukunja suruali na kuweka zipu, asubuhi peke yake. Gauni za harusi na sare zingoje.

Halafu kliniki. Chanjo zinafuatana wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua ni miezi 9 na miezi 18. Baba anaweza kabisa kubeba mtoto na kile kijitabu cha kliniki akapanga foleni na wamama, utaangaliwa dakika tano wataacha. Funga varanda asubuhi hiyo na uandike kwa karatasi mlangoni. Ah, na pini zote okota kabla hajaanza kutambaa, nunua sumaku.

"Naprinti tisheti na vikombe kwa nyumba, Section 58. Mwezi mmoja elfu 80, mwingine elfu 12. Kwa hiyo hofu sikatai oda, napress mpaka saa saba usiku, wikendi pia. Watoto wananiona mgongo tu." Baba wa tisheti

Elfu 80 si yako ndugu. Toa tisheti tupu, wino, tokeni za stima, boda wa kupeleka, tuseme imebaki elfu 45. Fanya hiyo hesabu kwa miezi 12 iliyopita, simu yako ina historia yote. Chukua ile mitatu mibaya zaidi, tafuta wastani wake, huo ndio mshahara wako kila mwezi, na kinachozidi kwa miezi mizuri kiende akaunti nyingine ambayo haiko kwa simu. Karo inakuja mara tatu kwa mwaka na tarehe zinajulikana kutoka Januari, haifai kukushtua.

Ile akaunti ndio pia ya serikali. Mauzo yakifika milioni 1 kwa mwaka mpaka milioni 25 kuna ushuru wa mauzo, ulipandishwa Julai 2023 ukawa asilimia 3, na unalipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Unakatwa kwa mauzo, si faida, kwa hivyo bei yako iubebe. SHA nayo, ile bima ya afya ya serikali, kwa mtu asiye na mwajiri ni ya mwaka mzima mara moja, ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi yaani 3,600, na ukiwa na watoto wadogo hiyo usiichezee.

Ukishajua mshahara wako utajua oda ngapi zinautosha, na hapo unaweza kumwambia mtu "hii ni ya Jumanne" bila kutetemeka. Mashine ikizimwa saa kumi na mbili jioni hata usalama unaongezeka, hiyo pres inafika digrii 180 na zaidi na inakaa moto muda mrefu baada ya kuzimwa. Iweke juu, si kwa stuli.

"Tuko bedsita, mimi, bibi na mtoto. Nikodishe ofisi tauni?" Kaptembwo

Bado. Jaribu kwanza maktaba ya taifa, Nakuru tuko nayo, nenda asubuhi na chaja yako, simu za wateja uzipigie nje. Ile kodi ya ofisi weka kando miezi mitatu uone kama unaweza kuitoa bila kuumia, ukiweza usichukue ofisi, ongeza muhamie wan-bedruum.