Hela ya roho safi na hela ya shingo upande

Ukitaka kujua watu wanaumwa na hela gani, fungua steshenari. Mimi ninayo ndogo huku Tabata: mashine ya kopi, kompyuta mbili, uwakala wa miamala ya simu, na friji la soda pembeni ya mlango. Mteja anaingia na jua lake, anafungua friji, anachukua soda, anainywa yote akiwa amesimama, na analipa bila kuuliza bei. Huyohuyo nikimwambia kopi ya kitambulisho, mbele na nyuma, ni mia mbili, uso unabadilika.

"Dada, mia mbili? Pale juu wanatoa kwa mia."

"Ni pande mbili, kaka."

"Si karatasi moja lakini?"

Kwenye kujaza fomu ndiko kuna vita kamili. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, mzazi anakuja na mwanawe. Picha za pasipoti anazilipia vizuri tu, tena anaomba nimrudie kijana kwa sababu ya kwanza katoka amekunja uso. Lakini ile saa nzima niliyokaa nikiskani vyeti, nikipunguza ukubwa wa mafaili na kusubiri mtandao urudi, hiyo haioni. "Elfu tano ya kubonyeza tu, mwanangu?"

Miaka ya kukaa nyuma ya kaunta hiyo imenifundisha kwamba kiasi cha hela si tatizo. Mtu anaumia na hela ambayo haoni imegeuka kuwa nini. Soda anaiona, picha anaishika. Kubonyeza hakushikiki. Na nikitazama nyumbani kwangu na kwa majirani, tunapoteza pakubwa sehemu mbili: vile vinavyotuuma tunavikwepa mpaka vinatugharimu mara mbili, na vile tunavyovipenda hatuvikagui kabisa. Ushauri wangu wote hapa chini unatoka hapo.

Tuanze na umeme, maana tarehe moja ya kila mwezi nasikia kelele zilezile dukani. "Mbona unit chache?" Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, elfu kumi ilizoeleka kutoa unit 28 hivi. Mwanzo wa mwezi zinapungua kwa sababu kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu Agosti 2021. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa, na Julai 2023 ikapanda hadi 1,500. Inachukuliwa unaponunua kwa mara ya kwanza katika mwezi, na ukipitisha mwezi bila kununua, deni linakungoja. Kwa hiyo anayenunua umeme wa 2,000 tarehe moja amenunua umeme wa mia tano, na humo bado kuna VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati). Halafu anamtukana wakala.

Kwenye nyumba za kupanga zenye mita moja nimeona vituko. Umeme ukikaribia kuisha mwisho wa mwezi, kila mpangaji anajifanya hana hela, maana hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua tarehe moja. Nyumba nzima inalala giza kwa ajili ya 1,500, na samaki wa mtu wanaharibika kwenye friji. Wekeni hiyo kodi kwenye mchango wa umeme, mgawane, yaishe. Bora zaidi, mkumbusheni mwenye nyumba kwamba kodi ya jengo ni yake. Ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Siku ya kulipa pango au kuandikishana mkataba upya ndiyo siku ya kulizungumza, ukiwa na meseji zako za LUKU mkononi. Wapo wenye nyumba wanaokata bila maneno. Wapo wanaokucheka pia, lakini utakuwa umeuliza.

Makato ya simu ni kidonda kingine. Mnakumbuka Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea kiasi? Watu walirudi kubeba hela kwenye soksi. Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye zikaendelea kuguswaguswa, ila ile hasira haijatoka moyoni. Mpaka leo mtu akiombwa hela anaambiwa, "tuma na ya kutolea," kama vile ya kutolea ni ndugu wa tatu kwenye mazungumzo.

Ninachokiona kama wakala ni kwamba wanaolalamika sana ndio wanaotoa kidogokidogo. Leo elfu tano, kesho elfu saba, keshokutwa elfu tano tena. Ada zimepangwa kwa madaraja, na kwenye madaraja ya chini kila shilingi unayoitoa inabeba mzigo mkubwa zaidi. Chagua siku moja ya wiki, toa hela ya matumizi ya wiki nzima, weka sehemu. Ninajua unachotaka kusema, kwamba hela ikiwa mkononi inaisha. Basi mkabidhi mwenzako mwenye roho ngumu. Na kingine: kuna wateja wanatoa hela kwangu, wanakatwa, wanavuka barabara, wanakwenda kununua dawa kwenye duka lenye bango la lipa namba ukubwa wa mlango. Mimi napata kamisheni yangu, siwezi kuwafukuza. Lakini wewe unayesoma, inua macho usome bango, ulipe kwa simu bila kutoa hela kwanza.

Hela ya taka na ya ulinzi shirikishi nitaipitia haraka kwa sababu inanipandisha presha. Mtu anayekula chipsi kuku kila Ijumaa anamkimbia mtoza hela ya taka kupitia mlango wa nyuma. Lipa mwanzo wa mwezi, chukua risiti, ibandike nyuma ya mlango. Utashangaa jinsi utakavyokuwa na sauti siku gari la taka lisipokuja. Mifuko nayo ni hivyohivyo: tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019, bado tunafika sokoni mikono mitupu na kununua mfuko mwingine huku tunasonya. Kikapu kipo jikoni, kimejaa mifuko.

Sasa fundi. Hapa nataka kukaa kidogo.

Watanzania tunalipa spea, hatulipi ufundi. Ukimwambia mtu kifaa kimoja ni elfu arobaini, atakwenda kukitafuta. Ukimwambia kukifunga ni elfu thelathini, anakuona mwizi. Mashine yangu ya kopi iliwahi kuanza kumeza karatasi. Kijana wa kwanza aliyekuja alikuwa wa bei nafuu, akaifungua yote, akatandaza skrubu juu ya gazeti, akashinda dukani kwangu mpaka magharibi akiipapasa, na wateja wanageuka mlangoni. Baadaye nikapata mzee mmoja. Akasikiliza mlio, akafungua ubavu, akachomoa kiroli cha kuvutia karatasi na kunionyesha kilivyosuguliwa mpaka kikawa kinang'aa kama kipara. Akaweka kingine, akapuliza vumbi, akafunga. Elfu thelathini ya ufundi, mbali na spea. Mume wangu alikuwepo. "Elfu thelathini kwa robo saa?" Nikamwambia hiyo robo saa ndiyo ninayoinunua. Yule wa kutwa nzima alinifungia duka.

Kwa hiyo kwenye ufundi fanya hivi. Kabla hajashika bisibisi, mwambie atenganishe bei mbili: spea ngapi, ufundi ngapi. Spea, ukiweza, nenda naye dukani au ipige picha uulize bei mwenyewe. Ile ya ufundi usimkabe mpaka mwisho, kwa sababu fundi uliyemkaba kwenye ufundi atajilipa kwenye spea. Atakuwekea ya Kichina daraja la tatu kwa bei ya ile orijino, na wewe utaondoka ukitabasamu kwamba umemshusha bei. Mwambie pia akuachie kifaa cha zamani. Fundi mkweli hana shida na hilo, na asiye mkweli utamjua kwa maneno mengi yatakayofuata.

Nikija upande wa pili, hela ya roho safi, mimi mwenyewe simo kwenye kundi la wanaojinyima. Mchele nakula wa Kyela. Nimeshajaribu kubana pale nikashindwa, na sioni sababu ya kuendelea kujaribu: wali unaliwa nyumbani kwangu karibu kila siku, na harufu yake ikiwa jikoni hata mboga ya majani inaonekana karamu. Kitu unachokitumia kila siku, lipia. Godoro, viatu vya kazini, kisu cha jikoni, taa ya mtoto kusomea. Sitaki kuyaeleza haya, yanajieleza.

Tatizo ni kwamba kwenye vitu tunavyovipenda tunafumba macho. Sokoni karibu kila gunia lenye mchele mweupe unaonukia kidogo linaitwa Kyela. Usibebe gunia kwa maneno. Nunua kilo moja, nenda kapike, ule wa mchana na kiporo cha asubuhi, maana kiporo hakidanganyi. Ukiridhika, rudi dukani kabla lile gunia halijaisha. Kuku wa kienyeji ni kesi hiyohiyo. Tunalipa bei ya kienyeji kwa moyo mkunjufu na kupewa chotara aliyekulia bandani kwa pumba za dukani. Si kuku mbaya, supu yake inalika, ila ana bei yake. Tazama miguu: kuku aliyeparua ardhi maisha yake yote ana kucha zilizosagika na miguu migumu mikavu. Mwenye miguu laini minene na mwili mkubwa kupita umri anaosimuliwa na muuzaji, muulize muuzaji taratibu, huku unatabasamu, "huyu chotara unaniuzia bei gani?" Bei inashuka yenyewe.

Halafu kuna huu ushauri wa kila mahali kwamba nunua vitu kwa jumla. Mimi nakubali nusu. Kweli anayenunua mkaa kwa kopo na sabuni ya unga ya paketi ndogo analipa zaidi kuliko mwenye gunia na mfuko mkubwa, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo. Hilo linaniudhi kila nikiliona. Wapangaji wawili watatu mkiaminiana, changeni gunia, mgawane kwa ndoo, itawasaidia. Lakini si kila kitu kinanunulika hivyo. Sabuni, mchele, maharage, ndiyo. Mafuta ya kula na sukari, hapana. Ndoo ya mafuta ikiwa imejaa, kila mtu jikoni anamimina kwa mkono mrefu, na ghafla nyumba inapika maandazi siku za katikati ya wiki. Mafuta yakiwa kwenye chupa ya lita moja, yanaheshimiwa. Pima mwenyewe kwako, labda una watu wenye nidhamu kuliko wangu.

Nimeacha sare mpaka mwisho kwa makusudi, maana wanawake wenzangu wataninunia.

Hakuna hela inayotutoka kwa vigelegele kama hela ya sare za shughuli. Kadi ya mchango wa harusi tunaipokea tukiguna, tunaahidi, tunalipa awamu tatu na ya mwisho tunatumiwa meseji za kukumbushwa. Lakini kitenge cha sare kikitangazwa kwenye grupu, siku hiyohiyo watu wameshatuma hela. Halafu kuna mshono, kilemba, hereni za kufanana, saluni, kucha, na nauli ya kwenda ukumbini kwa sababu nguo hiyo haipandi daladala. Ukijumlisha, vazi limezidi mchango wenyewe, na litavaliwa mara moja, kwa kuwa harusi ijayo ina rangi yake. Fungua kabati lako sasa hivi uhesabu.

Sisemi uache. Kusimama na ndugu zako mkiwa rangi moja, mkiingia ukumbini mnacheza, ni raha isiyo na mbadala, na mimi huwa mstari wa mbele. Ninachofanya ni mambo mawili. Shughuli za damu, yaani ndugu wa karibu na marafiki wa kufa na kuzikana, nachukua sare kamili, na fundi wangu anajua kwamba mshono lazima uwe wa kukatwa baadaye: gauni refu ambalo nikipunguza chini linakwenda kazini. Shughuli nyingine zote nachukua kipande cha kilemba tu, kisha navaa gauni langu nililonalo la rangi inayoelekeana. Pichani huwezi kujua. Na ukiwa ndani ya kamati, pendekezeni rangi badala ya kitenge maalumu. Kila mtu ataitafuta Kariakoo kwa uwezo wake, na hakuna atakayelazimika kukopa.

Nilipoanzisha habari ya kilemba tu kwenye shughuli ya upande wa mume wangu, wifi yangu aliyekuwa mwekahazina alininunia vibaya, salamu ikawa ya kutikisa kichwa. Shughuli iliyofuata, ya upande wa rafiki zake, alinipigia simu usiku kuniuliza lile gauni langu la kijani kama linaweza kumtosha.